Siku ya Kazi Mtu Mzima, Siku ya Nyama Mtoto

*Mazungumzo ya Afisa Habari wa Halmashauri katika kikao cha wazazi, walimu na wanafunzi wa sekondari, Ulyankulu. Yanachapishwa hapa kwa ombi la wazazi waliohudhuria.*

Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mtendaji wa Kata, Mkuu wa Shule pamoja na walimu wako, wazazi wangu, na ninyi vijana mliojipanga nyuma kabisa karibu na mlango kana kwamba mnasubiri basi: mwangaluka! Na kwa wale ambao bibi zao waliwafundisha salamu nyingine: amahoro!

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumze kwa dakika ishirini, nikiwa mtaalamu, juu ya malezi ya kijana katika kipindi cha kukua. Naomba radhi mapema. Stashahada yangu ni ya mawasiliano ya umma, si ya malezi. Utaalamu pekee nilio nao katika jambo hili ni kwamba niliwahi kuwa na umri wa miaka kumi na sita, tena hapa hapa Ulyankulu, na nilikaa nao mwaka mzima.

Mwaka huo ulikuwa 2005, nami nilikuwa kidato cha pili. Nilikuwa nimechaguliwa kusoma taarifa ya habari mstarini kila Jumatatu, heshima ambayo ilinifika wakati mbaya, kwani sauti yangu ndiyo kwanza ilikuwa inavunjika. Nilikuwa naanza sentensi nikiwa baba, naimaliza nikiwa mama. Shule nzima ilikuwa ikisikiliza kwa makini, si kwa sababu ya habari, bali kwa kutaka kujua ni nani atakayemalizia. Suruali yangu ilikuwa imenunuliwa kubwa kwa hoja kwamba nitaikulia. Siku niliyoikulia ndiyo siku iliyochanika.

Lakini hayo hayakunisumbua sana. Lililonisumbua ni kwamba nyumbani kwetu nilikuwa na umri wa aina mbili, na sikuwahi kujua mapema ni upi utakaotumika siku hiyo.

Alfajiri ya kwenda shambani, baba aligonga dirisha langu na kuniita kwa heshima kubwa: "Mzee mwenzangu, amka. Wanaume hawangojwi na jua." Basi nikaamka mzee mwenzake, nikashika jembe. Lakini siku ya kuchinja, nilipoketi karibu na sinia la wanaume, baba yule yule alinitazama kama anayeniona kwa mara ya kwanza: "Mtoto, nenda ukale na wenzako jikoni." Nikaenda jikoni. Huko mama akapiga makofi: "Litazameni jitu zima! Halioni haya kugombania mifupa na watoto." Nikasimama uani, katikati ya sebule na jiko, nikala nimesimama. Mbwa wa nyumbani alikuwa na hakika zaidi yangu juu ya mahali pake.

Nilikuwa na rafiki mmoja ambaye nyumba yao ilikuwa kwenye moja ya barabara zetu zenye namba, zile ambazo kwaya ya Barabara ya 13 imezifanya zijulikane hata kwa watu wasiojua Kaliua iko upande gani wa Tabora. Baba yake alifika hapa akiwa mgongoni mwa mama yake, baada ya machafuko ya Burundi ya mwaka 1972. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa, akajua Kiswahili kabla ya Kirundi, na akanishinda katika somo la uraia. Lakini nyakati zile mkazi wa makazi ya wakimbizi alihitaji kibali ili atoke nje ya makazi, hivyo alikuwa akiitaja Tabora mjini kama wengine wanavyoitaja London. Siku moja nilimlalamikia juu ya umri wangu. Akafikiri kidogo, akasema: "Wewe huna umri, mimi sina nchi. Tukiungana labda tutapata mtu mmoja kamili."

Niwaondoe wasiwasi: mwaka 2010 Serikali iliwakubalia uraia watu zaidi ya 160,000 wa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na kuanzia mwaka 2014 wakaanza kukabidhiwa vyeti. Rafiki yangu ni mmoja wao. Siku hizi analalamikia ushuru kwa ufasaha wa raia aliyekamilika.

Mimi nami ilibidi nitafute umri wangu. Na ndugu zangu, nisiwaonee wazazi wetu. Nchi hii ina desturi ya kale ya kupima umri kwa mzigo. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Ujiji, ikapita Tabora, ikaishia Bagamoyo, na wapagazi waliosifika kuliko wote walikuwa Wanyamwezi. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, uliobebwa begani kwa miezi. Wageni waliopita huku waliandika kwamba kijana hakuhesabiwa kuwa mwanamume wa kuoa mpaka awe amepeleka pembe pwani na kurudi na nguo au waya. Watoto nao walifuata misafara wakiwa na vimizigo vyao vidogo. Hata Mtemi Mirambo, aliyeitawala nchi hii hadi alipofariki mwaka 1884, nguvu yake ilikuwa rugaruga, na wengi wao walikuwa vijana wabichi.

Pembe zimekwisha, na njia imekuwa reli na barabara. Kipimo kile kimebaki. Tulichobadilisha ni mzigo tu: pembe ya ndovu imekuwa gogo la kuni mlangoni mwa bani.

Wakulima wa tumbaku ya mvuke waliomo humu ndani wananielewa. Majani yakishafungwa kwenye vijiti na kuning'inizwa ndani ya bani, hukaushwa kwa moto kwa karibu juma zima. Siku za kwanza joto huwekwa kwenye nyuzi 35 hadi 40, majani yageuke manjano. Kisha hupandishwa pole pole, hata mwishoni hufika nyuzi 70 hivi, ili vikonyo vikauke. Moto ukipungua, majani huoza. Ukizidi, huharibika. Kwa hiyo ni lazima mtu akae pale usiku na mchana akiulisha moto na kutazama kipimajoto. Kwetu, zamu ya mchana ilikuwa ya baba. Zamu ya usiku ilikuwa ya mzee mwenzake.

Msimu wa kukausha huangukia ndani ya muhula wa kwanza. Nikawa naingia darasani nikinuka moshi, macho mekundu, na walimu wapya wakinishuku kuwa mvuta bangi. Siku moja mwalimu wa hisabati alinikuta nimesinzia, akanigutusha kwa swali: "Wewe, x ni ngapi?" Nikasimama wima, nikajibu kwa sauti ya baba na kumalizia kwa sauti ya mama: "Nyuzi arobaini na mbili, mwalimu, na kuni zimebaki chache." Darasa lilicheka mpaka kengele ikalia. Nami nilicheka. Hakuna aliyeuliza kwa nini mtoto wa shule anajua hesabu za usiku wa manane.

Mdogo wangu wa kike alikuwa na kazi yake pia. Alfajiri alichuma na kubeba majani mabichi yenye umande, nguo zikimlowa hadi mwilini. Mara nyingi alirudi akitapika na kuona kizunguzungu, nasi tukasema ni malaria, tukampa dawa. Miaka mingi baadaye nilipata kujua kwamba jani la tumbaku lililolowa hupitisha sumu yake, nikotini, moja kwa moja kwenye ngozi, na kwamba kichefuchefu, kutapika na kizunguzungu ndizo dalili zake. Mzazi unayenisikiliza, likumbuke hilo kabla ya kumpeleka mtoto shambani wakati umande haujakauka.

Sasa niwaeleze usiku ulionikuza.

Ulikuwa mwezi wa tatu, usiku wa mwisho wa bani, joto likiwa juu. Rafiki yangu alikuja kunipigisha soga, amebeba mahindi mabichi ya kuchoma. Tulikuwa na shughuli rasmi: kuandika barua kwa msichana mmoja wa kidato cha tatu. Yeye ndiye aliyejua mapenzi, maana alikuwa amesoma riwaya moja na nusu. Mimi ndiye niliyekuwa na mwandiko. Tulibishana kwa saa nzima kama tumwite "mpenzi" au "dada". Tuliposhindwa kuafikiana tukaandika "Ndugu", kisha "Husika na kichwa cha habari hapo juu". Wakubwa wangu wa kazi wanaosifu uandishi wangu wa barua za ofisi sasa wanajua nilianzia wapi.

Saa nane usiku rafiki yangu akarudi kwao. Usingizi ukanishika shingo. Ndipo nikabuni jambo ambalo kwa akili ya miaka kumi na sita lilikuwa ugunduzi: badala ya kuongeza kuni kidogo kidogo, nikaingiza magogo makubwa kwa mkupuo ili yanitoshe hadi alfajiri. Nikajilaza kwenye gunia. Nilijiona mwerevu kuliko baba.

Nilizinduliwa na sauti ya mama. Majani yaliyokauka kama karatasi yalikuwa yamedondokea bomba la moto, na bani zima lilikuwa linawaka, paa likiunguruma. Majirani walikuja na ndoo, lakini moto wa tumbaku kavu haungoji ndoo. Kulipopambazuka zilibaki kuta nne nyeusi. Ndani yake ulikuwa umo uvunaji mzima wa juma lile, ulio bora kuliko wote wa msimu.

Nilisimama nikingoja kuadhibiwa. Majirani walimzunguka baba wakimuuliza imekuwaje. Baba alitazama zile kuta, kisha akasema: "Mtoto alilala. Nilimwacha mtoto peke yake usiku."

Ndugu zangu, hiyo ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kuitwa mtoto siku ya kazi. Nilitamani anipige.

Mbolea na dawa tulizotumia zilikuwa za mkopo, na mkopo wa pembejeo hukatwa siku ya mauzo. Bani huungua, mkopo hauungui. Marobota yetu machache yalipopita mbele ya wateuzi na makato yakafanyika, baba alirudi kutoka sokoni na kilo moja ya sukari na deni lililovuka kwenda msimu uliofuata. Ada yangu ya shule ya kutwa, shilingi 20,000 kwa mwaka wakati ule, ikawa mlima.

Miezi miwili baadaye walikuja wageni wawili wenye heshima zao, wamevaa makoti mchana wa jua. Walisifu nyumba, wakasifu hali ya hewa, kisha wakamtaja mdogo wangu. Alikuwa na miaka kumi na minne, darasa la saba. Walitaja ng'ombe kumi.

Nilikuwa nyuma ya ukuta, nikisikiliza. Sikuwahi kuwa hodari wa hisabati, lakini hesabu ile niliipata sawasawa. Ng'ombe kumi wangelipa deni, wangejenga bani jipya, na ada yangu ingetoka humo humo. Usingizi wangu ulikuwa unataka kulipwa na mdogo wangu. Yule aliyenichekea nilipovunjika sauti, aliyejificha na daftari langu la Kiingereza ili ajifunze kabla ya wenzake, alikuwa anakwenda kufanywa mtu mzima kwa sababu mimi nilikuwa nimeonekana kuwa mtoto.

Baba alikuwa kimya muda mrefu, na ukimya wa baba ulikuwa na sura ya kukubali. Ndipo bibi, mama yake baba, aliyekuwa akipepeta karanga mlangoni kana kwamba hasikii, aliposema bila kuinua kichwa:

"Mwanangu, nikuulize. Wa miaka kumi na sita alipochoma bani, ulituambia nini?"

"Nilisema mtoto alilala, mama."

"Vema. Na huyu wa miaka kumi na minne amekuwa mtu mzima lini? Au ng'ombe ndio wanaojua kuhesabu miaka?"

Baba hakujibu. Wageni walipewa chakula wakashiba, wakasindikizwa hadi njiani kwa adabu zote, wakaondoka na ng'ombe wao. Deni tulilipa kwa misimu miwili. Mama aliuza karanga, baba aliuza baiskeli aliyoipenda pengine kuliko mimi, nami nikafyatua matofali wakati wa likizo, mchana, na usiku nikalala. Mdogo wangu alifaulu, akaendelea na masomo. Leo ana duka la pembejeo, na ndiye anayenikopesha kila mwezi unapofika tarehe ishirini. Riba yake ni kunikumbusha habari ya bani mbele ya mke wangu.

Nimewachekesha kwa hayo yote ili niseme jambo moja tu. Umri wa kijana ni mmoja. Usiwe mrefu siku ya kazi na siku ya mahari, halafu ufupike siku ya nyama na siku ya kusikilizwa. Sisi tuliokolewa na bibi mwenye ungo. Si kila nyumba ina bibi wa namna hiyo, ndiyo maana sheria na huduma za umma zipo.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Haikatazi mtoto kufanya kazi: kuanzia miaka 14 inaruhusu kazi nyepesi, ile isiyodhuru afya yake wala masomo yake. Kuteka maji, kupalilia kidogo, kuchunga na kufagia uwanja kulitufundisha sote, na vijana msije mkatoka hapa mkasema Afisa Habari amewasamehe kuosha vyombo. Inachokataza ni kazi za hatari, na pia kumwajiri mtoto usiku, kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Ikiwa mwajiri haruhusiwi, mimi na wewe wazazi tutaipata wapi ruhusa hiyo?

Kuhusu mabinti, mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilitamka kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 14 au 15 ni kinyume cha Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi huo. Mwaka huo huo wa 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, na anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Tangu Novemba 2021, msichana aliyekatisha masomo kwa sababu ya ujauzito anaruhusiwa kurudi shuleni baada ya kujifungua.

Ada iliyokuwa mlima kwetu imeondolewa katika shule za umma hadi kidato cha nne tangu mwaka 2016, na kwa kidato cha tano na cha sita tangu mwaka 2022. Mzazi mwenye deni asitafute ada kwa mahari.

Cheti cha kuzaliwa, kinachotolewa chini ya RITA, ni muhimu kuliko tunavyodhani. Mtoto mwenye cheti ana umri ambao haubadiliki kwa kufika wageni wenye makoti. Asiye nacho, fika ofisi ya kata uelekezwe taratibu za usajili wilayani.

Ukiona mtoto anatumikishwa au anaandaliwa ndoa, mwone Mtendaji, Afisa Ustawi wa Jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi. Nanyi vijana, ishikeni namba 116. Ni Simu kwa Mtoto, na kupiga ni bure.

Na mkishavuka miaka 18 mkataka kazi yenu wenyewe, kumbukeni kwamba kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Jiungeni katika kikundi, msajiliwe, mwoneni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Msije na wazo la bani la kulala ukilinda.

Namalizia kwenu vijana. Kukua si kudai nafasi kwenye sinia la wanaume. Laiti usiku ule ningekuwa na ujasiri wa kwenda kugonga dirisha la baba na kusema, "Baba, nimechoka, nitalala," pengine bani lingesimama hadi leo. Niliona aibu kusema maneno matatu, nikagharimu msimu mzima. Semeni mkichoka. Nasi wazazi tukiambiwa, tusicheke.

Baba yangu yu hai, ni mzee sasa. Juzi nilikwenda kumsalimu, akachinja jogoo. Sinia lilipowekwa nikasita kidogo, kwa mazoea ya zamani, nisijue nikae wapi. Akanitazama, akapapasa mkeka pembeni yake, akasema kwa upole: "Mzee mwenzangu, sogea hapa."

Nikajua kuna kazi.